Manispaa imetuletea rasimu ya makubaliano kuhusu eneo la wazi la mtaa: tuhakikishe nini kabla ya kusaini?

Katibu wa Kikundi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri wa wale waliowahi kukaa meza moja na halmashauri kuzungumzia matumizi ya maeneo ya umma, iwe kama wanakikundi, viongozi wa mitaa au watumishi.

Mtaa wetu uko katika sehemu ya Dar es Salaam iliyopimwa viwanja zamani, na katikati ya nyumba kuna eneo la wazi ambalo kwa miaka mingi upande mmoja lilikuwa jalala la kifusi na upande wa pili gereji bubu. Kikundi chetu, kilichosajiliwa kupitia Idara ya Maendeleo ya Jamii, kilianza na usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kisha tukapanda mikungu na miarobaini, tukaweka mabenchi ya zege, na kwa msaada wa serikali ya mtaa tukaelewana na mafundi wa gereji wakahama. Leo eneo hilo lina kazi nyingi. Jioni vijana wanacheza mpira, mwisho wa wiki hufungwa maturubai ya misiba na shughuli, na upande wa barabarani wapo mama lishe, wauza matunda na kijiwe cha bodaboda.

Sasa manispaa imetuletea rasimu ya makubaliano ya ushirikiano katika kulitunza na kuliendeleza eneo hilo. Nimeipokea kwa furaha, kwa sababu kwa muda mrefu tulikuwa tunafanya kazi ambayo hakuna ofisi iliyoitambua kwa maandishi. Hata hivyo, nilipoisoma kwa utulivu niliona kwamba majukumu ya kikundi yameandikwa kwa kirefu, kuanzia kufagia hadi kulinda miti na kulipa bili ya maji, ilhali majukumu ya manispaa yamewekwa katika sentensi chache zenye maneno kama "itashirikiana" na "kadiri fedha zitakavyopatikana". Aidha, kipo kifungu kinachoipa manispaa haki ya "kuendeleza sehemu ya eneo kwa ajili ya kuongeza mapato ya ndani", bila kutaja ni sehemu ipi, yenye ukubwa gani, wala ni nani atakayeulizwa kabla ya ujenzi kuanza.

Wenzangu wamegawanyika. Baadhi wanahofia kwamba tukichelewa, rasimu itaondoka pamoja na afisa aliyeiandaa, maana uhamisho wa watumishi hauna taarifa. Wengine wanasema kusaini ni kujiandikisha kuwa vibarua wasiolipwa. Mimi niko katikati: nataka makubaliano yawepo, lakini sitaki saini yetu ije kutumika siku moja kama ushahidi kwamba wananchi waliridhia eneo lao kujengwa.

Naomba kufahamu mambo ya msingi yanayopaswa kuwa wazi kabla ya kusaini, ni nani hasa mwenye mamlaka ya kusaini kwa niaba ya kila upande, na kama kikundi kinaruhusiwa kutoza chochote kwa wanaotumia eneo kwa sherehe, ili kipate fedha za matunzo. Natanguliza shukrani.

Mstaafu wa Mipango Miji

Ndugu Katibu, hongera kwa kusoma rasimu hadi mwisho. Wengi husoma ukurasa wa kwanza na ule wa saini.

Nianze na jambo ambalo halimo katika maswali yako, kwa sababu majibu ya mengine yote yanalitegemea. Je, mmewahi kuuona mchoro wa mipango miji wa eneo lenu, pamoja na ramani ya upimaji? Kila mtu mtaani anasema "hili ni eneo la wazi", lakini kauli ya mtaa na rangi iliyopakwa kwenye mchoro ni vitu viwili. Inawezekana mchoro wa awali uliliacha wazi, kisha ukafanyiwa marekebisho na sehemu yake ikageuzwa kuwa viwanja bila ninyi kupata habari. Inawezekana pia kwamba mchoro unasema ni eneo la shule ya awali au zahanati ambayo haikujengwa, na hapo madai yenu ya kuwa na uwanja wa michezo yatakuwa na msingi dhaifu. Ombeni nakala ya toleo la mwisho lililoidhinishwa, siyo la kwanza, na mhakikishe kwamba ramani ya upimaji inalingana nalo.

Nakala hizo hazipatikani mahali pamoja kila mara. Halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, lakini michoro huidhinishwa na Mkurugenzi wa Mipango Miji aliye katika wizara ya ardhi, na ramani za upimaji huidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Isitoshe, mipaka ya utawala ya mji huu imebadilika mara kadhaa: manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke zilianza mwaka 2000, Ubungo na Kigamboni zikamegwa baadaye, na mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ikavunjwa na Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Kila mgawanyo wa aina hiyo ni mgawanyo wa majalada pia. Kwa hiyo mkiambiwa kwamba jalada halionekani, msichukulie kuwa ndilo jibu la mwisho. Nendeni ofisi ya ardhi ya mkoa, kisha wizarani.

Baada ya hapo ndipo mrudi kwenye kifungu cha "kuendeleza". Kwa maoni yangu, hicho ndicho kiini cha rasimu yote, na mengine ni mapambo. Sote tunajua jinsi fremu za maduka zinavyoota kandokando ya viwanja na kuta za shule katika mji huu: unaanza mstari mmoja upande wa barabara, unaitwa chanzo cha mapato, kisha unaongezwa mstari wa pili unaotazama ndani, na kinachobaki katikati ni ua wa kupakulia mizigo. Kugeuza eneo la wazi kuwa la biashara ni kubadilisha matumizi ya ardhi, na mabadiliko hayo yana utaratibu wake wa kisheria, ambao haupaswi kurukwa hata mwombaji anapokuwa halmashauri yenyewe. Makubaliano yenu yasitumike kama njia ya mkato. Pendekezeni kifungu hicho kisomeke kwamba matumizi ya eneo yatabaki kama yalivyo kwenye mchoro uliotajwa kwa namba yake, na kwamba pendekezo lolote la kujenga litawasilishwa kwanza kwenye mkutano mkuu wa mtaa na kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla ya kufika kwenye kamati ya madiwani inayohusika na mipango miji na mazingira. Mchoro uambatishwe kama sehemu ya makubaliano, na bikoni za mipaka, yaani alama za zege zinazowekwa na mpimaji, zitafutwe na kuonyeshwa mbele ya mashahidi.

Kuhusu saini, upande wa manispaa ni Mkurugenzi, baada ya mwanasheria wa halmashauri kuipitia hati na vikao vinavyohusika kuiridhia. Diwani anaweza kuwa shahidi mzuri na mtetezi mzuri zaidi, lakini ahadi yake haiifungi halmashauri, na muhula wake una mwisho. Upande wenu ni mgumu kidogo. Cheti cha kikundi kutoka Maendeleo ya Jamii kinawatambua, lakini hakiwapi utu wa kisheria wa kumiliki mali au kushtaki kwa jina la kikundi. Mkitaka hadhi hiyo, njia mojawapo ni kuwa na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Kama hamjafika huko, serikali ya mtaa iwe upande wa tatu katika makubaliano, ili viongozi wa kikundi wakibadilika pasiwe na ombwe.

Nitaje pia Mnazi Mmoja, ingawa nitakuwa natoka nje kidogo. Ukanda ule uliachwa wazi enzi za ukoloni ili kuitenga Kariakoo ya Waafrika na sehemu nyingine za mji. Nia yake haikuwa njema hata kidogo, lakini kwa kuwa ulichorwa na mchoro ukaheshimiwa, leo ni mahali ambapo watu wa pande zote hukutana. Zipo sehemu nyingi zilizoachwa kwa nia njema kabisa katika mipango kabambe ya 1968 na 1979 ambazo leo huwezi kupita hata kwa baiskeli.

Mama Lishe wa Kona

Ndugu Katibu, mimi napika na kuuza chakula pembeni ya uwanja wa mtaa mwingine, na nimesoma andiko lako nikiangalia ni wapi sisi tumetajwa. Umetutaja mara moja, katika orodha ya wanaoonekana upande wa barabarani. Sikulaumu, lakini naomba rasimu yenu isifanye hivyo.

Kwetu yalifanyika makubaliano ya namna hiyo kati ya kikundi cha wakazi na halmashauri. Kikundi kilikuwa cha wenye nyumba. Walizungumza vizuri kuhusu miti, mabenchi na usalama wa watoto, na katika kifungu cha usafi wakaandika kwamba biashara holela zitaondolewa. Hakuna aliyetuuliza biashara holela ni zipi. Siku ya utekelezaji, waliokuja kutuondoa walikuwa na nakala ya makubaliano yenye saini za majirani zetu, ambao wengine walikuwa wakila kwangu kila siku. Baadaye tulirudishwa baada ya vikao virefu, ila wengine walikuwa wameshapoteza wateja, na wawili watatu hawakurudi kabisa.

Sisi tunaoshinda pale ndio tunaojua ni saa ngapi lori la kifusi linapita, bomba limepasuka wapi na ni mtoto wa nani amekaa peke yake hadi giza linaingia. Kikundi hukutana Jumamosi; sisi tupo Jumatatu hadi Jumamosi. Mkitaka eneo litunzwe, mwakilishi wa wafanyabiashara awe kwenye kamati ya usimamizi kwa haki na siyo kwa hisani, na orodha ya waliopo sasa iandaliwe pamoja na afisa mtendaji wa mtaa kabla ya kusaini, ikionyesha kila mmoja anafanya biashara gani na amekaa upande gani. Kwa mtu mdogo karatasi ni kinga. Tulilijifunza hilo mwaka 2018 vilipoanza vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya shilingi 20,000, na tukakumbushwa tena mwaka 2021 wamachinga walipoondolewa kando ya barabara na kupangiwa maeneo mengine.

Jambo jingine ambalo wanaume huwa wanalisahau katika rasimu zao: choo. Eneo linalotumiwa na watoto, wapishi na waombolezaji kuanzia asubuhi hadi usiku haliwezi kuwa bila choo. Iandikwe ni nani atakijenga, nani atakisafisha na nani atalipia gari la kunyonya maji taka.

Mweka Hazina, Uswahilini

Nashukuru kwa maelezo ya mzee wetu wa mipango miji na ya dada aliyemfuatia. Mimi natoka upande ambao haukupimwa, ambako uwanja wetu ulikuwepo kwa sababu tu vijana hawakuacha kuucheza, hivyo mwenye kujenga alikosa nafasi. Tulipata mchoro wakati wa zoezi la urasimishaji wa makazi, yaani kupima na kutambua rasmi maeneo yaliyojengwa bila kupimwa, na tulilazimika kumsimamia mpimaji asubuhi hadi jioni ili auchore uwanja kabla ya kuchora viwanja vinavyouzunguka. Ninyi wa maeneo yaliyopimwa mna bahati ya kuanza na karatasi.

Nijibu suala la fedha, kwa kuwa ndilo lililotusumbua zaidi. Kikundi kisitoze ada kwa matumizi ya eneo la umma kwa uamuzi wake chenyewe. Ada na ushuru wa halmashauri lazima viwe na msingi wa kisheria, kwa kawaida sheria ndogo, na malipo yake hupita kwa namba ya malipo ya serikali na kuingia katika akaunti ya halmashauri. Mkianza kupokea shilingi 50,000 za turubai mkononi, hata kama mnazitumia zote kununulia mafagio, siku mtakapogombana na mtu yeyote mtaitwa wakusanyaji haramu wa mapato ya serikali, na hamtakuwa na utetezi. Kwa upande mwingine, fedha ikishaingia halmashauri hairudi kwenye uwanja wenu kwa sababu tu ilitoka hapo. Hurudi ikiwa imepangiwa kifungu katika bajeti.

Sisi tulitenganisha vitu viwili. Michango ya hiari ya wanakikundi huingia kwenye akaunti ya kikundi, hutolewa stakabadhi, na taarifa yake hubandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi ya mtaa. Familia ikitumia uwanja kwa msiba haiombwi kitu. Ikitumia kwa harusi, inaombwa irudishe eneo likiwa safi, na wengi huchangia bila kushurutishwa, jambo ambalo sikulitarajia. Halafu, kwa kazi za usafi na utunzaji wa miti, tuliiomba halmashauri itununue huduma badala ya kutushukuru. Sheria ya ununuzi wa umma inazitaka taasisi kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na maombi sasa hupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Siyo kila kikundi kinastahili, na usajili wake unahitaji subira, lakini ni njia halali ya kumlipa kijana anayemwagilia kila asubuhi. Wazo hilo si geni katika mji huu. Hananasif, katika miaka ya 1990, wakazi walijenga mifereji na barabara za mtaa wao kwa mikataba ya kijamii kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, na walilipwa ujira kwa kazi hiyo.

Angalieni pia ni ofisi ipi inahusika na nini, kwa sababu manispaa inaweza kuahidi kitu kisicho chake. Mfereji na barabara ya mtaa viko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017. Maji ni DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, na mita ikiandikwa kwa jina la mwenyekiti wenu, deni litakuwa lake hata akihamia Mbagala. Taa za umeme zina LUKU, mita ya malipo ya kabla, ambayo lazima mtu ainunulie umeme. Msikubali kifungu cha "kikundi kitalipa bili" bila kujua mita iko kwa jina la nani na ni nani wengine watakaochota maji hapo.

Katibu wa Kikundi

Shikamoo mzee wangu wa mipango miji, na ahsanteni nyote. Mama Lishe, nimekuelewa. Katika rasimu yetu kuna maneno "shughuli zisizo rasmi zitadhibitiwa", na nilikuwa nimeyapita bila kusimama. Nitapendekeza yaondolewe na badala yake iwekwe orodha uliyoitaja, nayo iandaliwe mbele ya mtendaji. Kiti cha wafanyabiashara kwenye kamati nitakipeleka kwenye kikao chetu; natarajia ubishi, hasa kutoka kwa wazee wanaotaka upande wote wa barabara uwe bustani.

Limebaki jambo moja. Manispaa imependekeza kujenga ukuta kuzunguka eneo na kuweka lango, kwa hoja kwamba ukuta utazuia kifusi, wavuta bangi na uvamizi wa mipaka. Wanakikundi wengi wameupenda mpango huo kwa sababu ndicho kitu pekee katika rasimu ambacho manispaa imeahidi kwa uhakika. Kocha wa vijana anaupinga, akisema lango litafungwa na timu yake itakuwa ya kwanza kubaki nje. Mzee anasemaje?

Mstaafu wa Mipango Miji

Marahaba. Namuunga mkono kocha.

Ukuta hulinda mipaka, hilo siwezi kulikataa, lakini lango lina ufunguo na ufunguo una mtu. Ndani ya muda mfupi mtu huyo hujikuta anaamua nani aingie, na baada ya muda mrefu kidogo anaona ni haki yake kupewa kitu. Zaidi ya hapo, eneo lililozungushiwa ukuta halionekani kutoka madirishani mwa nyumba za jirani, na wavuta bangi mnaowakimbia hupenda mahali pasipoonekana. Ukuta pia ndio msingi rahisi wa fremu: tofali za nyuma zinakuwa zimeshalipiwa.

Kinacholeta kifusi ni lori, siyo mtu anayetembea. Ombeni nguzo fupi za zege zilizopangwa kwa nafasi ambayo gari haliwezi kupita lakini mkokoteni wa maji na kiti cha magurudumu vinapita, na upande mmoja ziwe za kung'olewa ili gari la wagonjwa na gari la kunyonya choo viweze kuingia. Gharama yake ni ndogo kuliko ya ukuta, kwa hiyo waombeni fedha inayobaki ielekezwe kwenye choo alichokitaja Mama Lishe. Mipaka ilindwe na bikoni pamoja na kibao kinachotaja namba ya mchoro na kusema kwamba ni eneo la wazi la umma. Kibao chenye jina la halmashauri humtisha mvamizi kuliko tofali, kwa sababu anajua kuna jalada nyuma yake.

Msisahau kifungu cha migogoro. Kuishtaki halmashauri kunahitaji notisi ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, safari ambayo kikundi cha mtaa hakiiwezi. Wekeni hatua ya usuluhishi ngazi ya kata, kisha wilaya, na muda wa kila hatua. Makubaliano yawe na kipindi maalumu na tarehe ya kupitiwa upya, na muhtasari wa mkutano mkuu wa mtaa ulioyaridhia, pamoja na orodha ya mahudhurio, uambatishwe.

Kuhusu hofu ya afisa kuhamishwa, jibu lake ni kuandika, siyo kuharakisha saini. Andikeni barua mbili wiki hii. Ya kwanza iseme kwamba mmepokea rasimu, mnaikubali nia yake na mtaleta maoni yenu ya maandishi. Hiyo itabaki kwenye jalada hata afisa akiondoka. Ya pili iombe nakala ya mchoro na ramani ya upimaji. Zote zipitie kwa mtendaji wa mtaa na wa kata, nakala kwa diwani, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kwa kuwa mwaka wa fedha huanza Julai na maandalizi ya bajeti za halmashauri huanza miezi kadhaa kabla ya hapo, maoni yenu kuhusu nguzo na choo yafike kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata mapema, yakiwa na makadirio ya gharama yaliyofanywa na fundi anayejulikana, vinginevyo yatasubiri mwaka mwingine mzima.